Mtoto ana mzio wa maziwa ya ng'ombe: abaki na titi, au ahamie kopo gani?

Daktari akishasema "maziwa ya ng'ombe hayamfai huyu, badilisheni," wazazi wengi hutoka chumbani na swali ambalo hawakupata nafasi ya kuliuliza: tubadilishe twende wapi? Jioni hiyohiyo majibu yanamiminika. Bibi anasema maziwa ya mbuzi. Jirani anasema soya, mwanawe alipona nayo. Muuzaji wa duka la dawa anashusha kopo lenye herufi "HA" na kuapa kwamba ndilo la watoto wenye aleji. Kwenye kundi la WhatsApp kuna mama yuko Muscat anasifu kopo ambalo Mwanza halijawahi kufika.

Njia zinazokubalika kitabibu kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni nne: mama aendelee kunyonyesha huku yeye mwenyewe akiacha maziwa, maziwa ya kopo ambayo protini yake imekatwakatwa, yaani hidrolaisati kamili, maziwa ya amino asidi, yaani chembe ndogo zinazojenga protini, na maziwa ya soya yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga. Hakuna iliyo bora kwa kila nyumba. Ila ipo iliyo bora kwa mtoto fulani, mwenye umri fulani, katika familia yenye mfuko fulani.

Kwanza: ni mzio kweli, na wa aina gani?

Watoto hulia, hucheua, hutoka vipele, na wengi wao hawana mzio wowote. England ni funzo zuri. Kati ya 2006 na 2016, maziwa maalumu ya mzio yaliyoandikwa na madaktari huko yalipanda kutoka mara 105,000 hivi kwa mwaka hadi zaidi ya 600,000, bila ushahidi kwamba mzio wenyewe umeongezeka kwa kiasi hicho. Kuna watoto walionyweshwa maziwa ya bei mbaya kwa sababu tu walikuwa wanalia jioni, na kulia jioni ni kazi ya mtoto wa wiki sita.

Mzio wa kweli una sura mbili. Wa papo kwa papo hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2: vipele vya kuwasha, midomo na macho kuvimba, kutapika, kukohoa, kupumua kwa shida. Huu una vipimo vya ngozi na vya damu vinavyosaidia. Wa kuchelewa huchukua saa kadhaa hadi siku 3: damu au kamasi kwenye choo, kuhara, kutapika, pumu ya ngozi isiyosikia dawa. Huu hauna kipimo cha damu. Kipimo chake ni kuondoa maziwa kabisa kwa wiki 2 hadi 4, kisha kuyarudisha kwa maelekezo ya daktari. Dalili zikiondoka halafu zikarudi, umepata jibu. Hatua ya kurudisha ndiyo inayorukwa, kwa sababu nani anataka kuuona tena ule usiku? Lakini ukiiruka, mtoto anaweza kukaa hata miaka miwili bila maziwa kwa kosa ambalo maziwa hayakulifanya.

Mzio wa kuchelewa una ndugu yake mmoja mkali: mtoto hutapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya kula, anapauka, analegea. Huyo ni wa hospitali, na maamuzi yake hayafanywi jikoni.

Laktosi nayo ni kesi nyingine kabisa. Ni sukari ya maziwa, si protini. Kopo lililoandikwa halina laktosi linaweza kuwa na protini ya ng'ombe kamili, na mtoto mwenye mzio atadhurika nalo vilevile.

Vigezo vya kupimia

Kila njia hapa chini nimeitazama kwa mambo matano yaleyale: usalama kwa aina ya mzio alio nao mtoto; umri; mapokezi, yaani ladha na jinsi mtoto anavyohama; gharama na upatikanaji; na kazi inayobakia kwa familia. Kigezo cha nne watu huona aibu kukitaja mbele ya daktari. Kitajeni. Maziwa mazuri yanayokatika wiki ya tatu ni mabaya kuliko ya wastani yanayopatikana mwaka mzima.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtoto wa kilo 6 anayetegemea kopo peke yake hunywa karibu mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani mililita 900. Unga unaoingia humo ni takribani gramu 120. Kopo la gramu 400 halimalizi siku ya nne, na mwezi mzima ni makopo 9. Zidisha kwa bei uliyotajiwa dukani kabla hujanunua hilo la kwanza.

1. Kunyonyesha, mama akiacha maziwa

*Usalama.* Protini ya maziwa anayokula mama hupita kwenye titi kwa kiasi kidogo mno, na watoto wengi wenye mzio hawadhuriki nayo. Kwa hiyo swali la kwanza ni lini dalili zilianza. Kama mtoto alikuwa salama kwenye titi pekee na shida ikaja siku alipoonjeshwa kopo, mara nyingi mama hana haja ya kuacha chochote. Anaacha kopo tu. Kama dalili zilikuwepo hata kwenye titi pekee, mama anaacha maziwa kwa wiki 2 hadi 4 ili ionekane.

*Umri.* Wowote.

*Mapokezi.* Hakuna ladha mpya ya kugombania. Hapa njia hii haina mpinzani.

*Gharama na upatikanaji.* Mtoto hagharimu kitu, mama anagharimu kidogo. Atahitaji kalsiamu kama miligramu 1,000 kwa siku pamoja na vitamini D. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao husaidia, ufuta pia. Mchicha una kalsiamu lakini mwili hauipati yote, kwa hiyo vidonge mara nyingi vinahitajika.

*Kazi.* Ipo, na iko kwenye sahani ya mama. Chai ya maziwa ndiyo inayoonekana. Isiyoonekana ni mkate, biskuti, keki, chokoleti, baadhi ya majarini, soseji, maandazi yaliyokandwa kwa maziwa, wali uliomiminiwa samli. Kwenye pakiti tafuta maneno "milk solids", "casein", "caseinate" na "whey"; yote ni maziwa. Mama wa pwani ana nafuu yake: tui la nazi halina uhusiano na ng'ombe, na mchuzi, wali na mchicha vinaendelea kama kawaida. Nyama ya ng'ombe nayo huulizwa sana. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa hawana shida nayo ikiwa imeiva, wachache tu huathirika, kwa hiyo mama asiiache kwa kudhani.

*Inamfaa nani.* Mama anayenyonyesha na anayetaka kuendelea. Haimfai aliyechoka hadi anakula chai kavu na ugali akiogopa kila kitu. Huyo anahitaji mtaalamu wa lishe, au ruhusa ya kuchagua njia ya pili bila kujiona ameshindwa.

2. Hidrolaisati kamili

*Usalama.* Ni maziwa ya ng'ombe ambayo protini yake imekatwa vipande vidogo kiasi kwamba kinga ya mwili haiitambui. Ili kopo liitwe la mzio, ni lazima angalau watoto 9 kati ya 10 wenye mzio wa maziwa walivumilie. Yule wa kumi yupo, na akiwa wako takwimu hazitamsaidia: dalili zikiendelea baada ya wiki 2 hadi 4, rudi kwa daktari. Majina yanayojulikana ni Nutramigen, Alimentum, Aptamil Pepti na Althera.

Usiyachanganye na "HA". Hayo yamekatwa nusunusu, bado yana vipande vikubwa, na si tiba ya mtoto mwenye mzio. Kosa la dukani linalojirudia kuliko yote ni hili.

*Umri.* Tangu kuzaliwa.

*Mapokezi.* Hapa ndipo vita ilipo. Ni machungu, na harufu yake ni kama viazi vilivyochemshwa vikasahauliwa sufuriani. Mtoto wa miezi miwili hunywa bila swali. Wa miezi saba hugeuza uso, hufunga mdomo, hulia, na nyumba nzima huanza kuamini kwamba hayo maziwa yameharibika. Hayajaharibika. Choo kitakuwa kijani na kitanuka zaidi. Hilo pia ni la kawaida.

*Gharama na upatikanaji.* Ghali kuliko kopo la kawaida, nafuu kuliko la amino asidi. Dar es Salaam na Nairobi huwa kwenye maduka makubwa machache ya dawa, mara nyingine kwa kuagiza. Ukitoka nje ya miji mikubwa usitegemee. Aliyeko England huandikiwa na daktari, na dawa za kuandikiwa kwa watoto ni bure. Marekani mpango wa serikali wa lishe ya mama na mtoto, WIC, unaweza kuyatoa kwa familia zinazostahiki zikiwa na barua ya daktari.

*Kazi.* Chupa, maji ya kuchemsha, vipimo. Ni kazi ileile ya kopo lolote.

*Inamfaa nani.* Watoto wengi wenye mzio usio mkali sana ambao hawanyonyi, au wananyonya na kuongezewa.

3. Amino asidi

*Usalama.* Hapa hakuna protini ya ng'ombe hata kipande. Zimewekwa amino asidi tupu. Neocate, EleCare, Puramino na Alfamino ni za kundi hili. Ndiyo yenye hatari ndogo kuliko zote.

*Umri.* Tangu kuzaliwa.

*Mapokezi.* Ladha haipendezi pia, ingawa baadhi ya wazazi huona mtoto anaikubali kwa urahisi kuliko hidrolaisati. Choo huweza kuwa kijani kilichokolea.

*Gharama na upatikanaji.* Ghali kuliko zote, na ngumu kuliko zote kupata. Hata katika nchi tajiri mnyororo hukatika. Februari 2022 kampuni ya Abbott iliondoa sokoni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kiwandani kwake Sturgis, Michigan, yakiwemo EleCare na Alimentum, na familia ambazo watoto wao hawakuweza kunywa kitu kingine zilihangaika miezi kadhaa. Muulize daktari mapema: hili likikosekana, mbadala ni upi?

*Kazi.* Kama ya pili, pamoja na kazi ya kuhakikisha kopo halikatiki.

*Inamfaa nani.* Aliyepata mzio mkali wa kukata pumzi, mwenye uzito unaoshuka, mwenye mzio wa vyakula vingi kwa pamoja, au yule wa kumi aliyeshindwa hidrolaisati. Si ya kuanzia tu "ili tuwe na uhakika". Kwa mtoto mwenye damu kidogo chooni na afya njema, ni kulipia ulinzi asiouhitaji.

4. Soya ya watoto wachanga

*Usalama.* Haina ng'ombe kabisa, ila soya nayo huleta mzio. Kwa watoto wenye mzio wa maziwa wa papo kwa papo, takriban 10 hadi 14 kati ya 100 huathirika na soya pia. Kwa mzio wa kuchelewa unaoshambulia utumbo idadi huwa kubwa zaidi, na kwa yule wa kutapika mfululizo soya isiguswe bila daktari.

*Umri.* Chama cha Ulaya cha madaktari wa tumbo na lishe ya watoto, ESPGHAN, hakiishauri kabla ya miezi 6, kwa sababu ya viambata vyake vinavyofanana na homoni. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani ni kilegevu kidogo hapo, ila nacho hakiipendekezi kwa watoto njiti.

*Mapokezi.* Nzuri. Ina utamu, na mtoto wa miezi 8 aliyekataa hidrolaisati mara nyingi huinywa siku hiyohiyo.

*Gharama na upatikanaji.* Nafuu kuliko mbili zilizotangulia, na hupatikana kwenye maduka mengi zaidi.

*Kazi.* Kusoma kopo kwa makini. Maziwa ya soya ya boksi wanayokunywa watu wazima si chakula cha mtoto wa chini ya mwaka. Unga wa soya wa sokoni uliokorogwa na maji hautoshi pia.

*Inamfaa nani.* Mtoto aliyepita miezi 6, asiye na dalili za utumbo, aliyekataa ladha chungu, au ambaye familia yake haiwezi makopo 9 ya hidrolaisati kila mwezi. Wako wengi, na soya kwao ni uamuzi wa akili.

Yanayopendekezwa mitaani lakini hayamo

Maziwa ya mbuzi kwanza, kwa heshima zote kwa bibi: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye mzio wa ng'ombe huathirika na mbuzi. Kondoo vilevile.

Ngamia ana hoja nzito kidogo. Maziwa yake hayana ile protini ya ng'ombe iitwayo beta-laktoglobulini, na baadhi ya watoto wenye mzio huyavumilia. Kaskazini mwa Kenya na Uarabuni watu wanalijua hilo. Lakini hayajatengenezwa kwa mtoto wa chini ya mwaka, mabichi yana hatari ya ugonjwa wa brusela, na "baadhi ya watoto" si neno la kuchezea nyumbani. Baada ya mwaka, yachemshwe, na daktari awe amekubali.

Vinywaji vya lozi, mchele au nazi havina lishe ya kumkuza mtoto mchanga. Cha mchele Uingereza hawakishauri kwa watoto wa chini ya miaka 5 kwa sababu ya sumu ya aseniki.

Kuhama: mara moja au kidogokidogo?

Kama mzio ni wa papo kwa papo, au mtoto anatoka damu nyingi au anapungua uzito, hakuna kidogokidogo. Kopo la zamani linatoka nyumbani leo, na la kwanza la jipya linywewe mahali ambapo daktari amekubali.

Kama mzio ni wa kuchelewa na mpole, na mtoto ameshazoea ladha tamu, kuchanganya kunaruhusiwa daktari akikubali. Anayetoka kwenye titi anachanganyiwa na maziwa ya mama yaliyokamuliwa, na hapo ni salama kabisa kwenda polepole. Mfano wa chupa ya mililita 120: siku mbili za mwanzo 90 za zamani na 30 za jipya, kisha 60 kwa 60, kisha 30 kwa 90, kisha jipya tupu. Kila unga ukorogwe peke yake kwa maji na kijiko cha kopo lake, ndipo yachanganywe yakiwa tayari, kwa sababu vijiko vya makopo havilingani. Na zile wiki 2 hadi 4 za kupima dalili zinahesabiwa tangu siku tone la mwisho la zamani lilipotoka. Wazazi wengi huhesabu tangu kopo jipya lilipofunguliwa, wakaamua "halifanyi kazi" wakati nusu ya chupa bado ni ng'ombe.

Akikataa, jaribu yakiwa ya baridi, kwenye kikombe badala ya chupa, akiwa na njaa lakini hajaanza kulia. Aliyeanza kula, mkorogee kwenye uji. Sukari hapana. Asali chini ya mwaka hapana kabisa. Akimaliza siku nzima karibu bila kunywa, au nepi zikiwa kavu, ni hospitali, si ujanja mwingine.

Na jambo moja ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini: kuongeza maji ili kopo lidumu. Linadhuru kuliko mzio wenyewe. Mtoto anashiba maji, anadumaa, na chumvi ya damu inaweza kushuka hadi apate degedege. Bora kurudi kliniki na kusema "hatuwezi bei hii" mkapangiwa upya.

Vyakula: kuvichelewesha au kuvianza?

Zamani tuliambiwa mtoto wa aleji asionje yai wala karanga hadi awe mkubwa. Ushauri huo umegeuka. Utafiti wa LEAP uliofanywa London na kuchapishwa 2015 ulifuata watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Walioanza kula karanga kabla ya kufikisha mwaka walipata mzio wa karanga pungufu kwa asilimia 81 walipofika miaka 5 kuliko waliozuiliwa. Kwa hiyo kwenye miezi 6 hivi vyakula vinaanza, na mzio wa maziwa peke yake si sababu ya kuficha mengine. Mwenye pumu kali ya ngozi, au aliyekwisha kudhurika na yai, aonwe na daktari kabla ya karanga.

Chaguo la kweli jikoni kwetu ni hili: unga wa lishe uliochanganywa, au nafaka moja moja? Unga wa lishe una sifa zake, unashibisha na unakuza. Lakini geuza pakiti: mahindi, ulezi, soya, karanga, ngano, mara nyingine na unga wa maziwa. Mtoto akitoka vipele, utamshtaki nani kati ya hao sita? Hata ukisagisha mwenyewe, mashine ya mtaani husaga mahindi yako baada ya soya ya mwenzako. Kwa mtoto huyu naanza na nafaka moja, kama ulezi, kisha kiazi, ndizi, boga. Halafu vile vyenye sifa ya kuleta mzio, kimoja kimoja: yai lililoiva hadi kiini kigumu, siagi ya karanga iliyolainishwa kwenye uji, samaki, ngano. Asubuhi na si usiku, robo kijiko kwanza, na siku 2 au 3 kabla ya kipya. Karanga nzima asipewe kabla ya miaka 5, zinakaba. Vikishapita vyote salama, unga wa lishe unarudi mezani kwa heshima.

Anayebaki na mtoto mchana, awe dada wa kazi, shangazi au bibi, apewe orodha hiyo kwa maandishi. Kijiko cha mtindi cha huruma ndicho huvuruga majuma matatu ya kazi.

Kurudi kwenye maziwa: ngazi ya nyumbani au jaribio la hospitali?

Watoto wengi huuacha mzio huu kabla ya kuanza shule, na wenye wa kuchelewa mara nyingi mapema zaidi. Kwa hao wa kuchelewa wenye dalili nyepesi, baada ya kama miezi 6 bila maziwa na wakiwa na miezi 9 hadi 12 au zaidi, Uingereza hutumia ngazi ya hatua sita nyumbani: biskuti yenye maziwa kidogo, keki ndogo, chapati ya maji yenye maziwa, jibini, mtindi, mwisho maziwa. Moto na unga wa ngano hubadilisha protini. Katika uchunguzi wa hospitali ya Mount Sinai, New York, uliochapishwa 2008, karibu robo tatu ya watoto wenye mzio walikula maziwa yaliyookwa bila kudhurika. Ila kuokwa maana yake tanuri kwa nusu saa hivi. Andazi hukaa kwenye mafuta dakika chache tu, kwa hiyo silihesabu kuwa sawa na keki.

Aliyewahi mzio wa papo kwa papo, na yule wa kutapika mfululizo, ngazi ya nyumbani si yao. Wao hupewa maziwa hospitali kwa vipimo vinavyopanda polepole, adrenalini, sindano ya dharura ya mzio mkali, ikiwa karibu. Ubaya wake ni kwamba hospitali zinazofanya hivyo ni chache na huenda mkasubiri. Subirini.

Kwa hali yako

Unanyonyesha na mtoto anakua vizuri: baki hapo, acha maziwa wiki 2 hadi 4 ikiwa dalili zipo kwenye titi, kisha yarudishe uone. Kopo si hatua inayofuata kwa lazima.

Hanyonyi, ana chini ya miezi 6, dalili si kali: hidrolaisati kamili. Nunua kopo moja kwanza, si sita.

Ana zaidi ya miezi 6, amekataa ladha au bei imekataa familia, na tumbo lake halina shida: soya ya watoto ni ya kujadili na daktari bila aibu. Akipita mwaka na anakula vizuri, kinywaji cha soya chenye kalsiamu ya miligramu 120 hivi kwa kila mililita 100 kinaweza kutosha.

Uzito unashuka, au hidrolaisati imeshindwa: amino asidi, na barua ya daktari ya kusaidia kwenye bima kama mnayo.

Mnaishi mbali na mji na hakuna kopo lolote la mzio: titi lina thamani mara mbili. Mama aliyepunguza anaweza kurudishia maziwa kwa kumnyonyesha mtoto mara nyingi zaidi na kusaidiwa na muuguzi wa kliniki. Anza na hilo kabla ya kutuma mtu Dar.

Amewahi kuvimba midomo au kupumua kwa shida: chaguo la maziwa linakuja la pili. Kwanza muulize daktari mahali palipo karibu penye adrenalini mchana na usiku, na nani atawapeleka. Ikitokea, mtoto hulazwa chali, au hupakatwa akiwa ameketi ikiwa anahema kwa shida, na sindano huchomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Dawa ya maji ya aleji iliyoko nyumbani hupunguza mwasho, haifungui njia ya hewa, kwa hiyo msikae kusubiri ifanye kazi; ondokeni.